Faida Si Fedha Taslimu
Kwa muda mrefu nilisoma taarifa za fedha za kampuni nikikimbilia mstari mmoja tu, ule wa faida halisi, nikiamini kwamba kampuni yenye faida haiwezi kushindwa kulipa madeni yake. Wiki hii, nilipokaa na taarifa ya mwaka ya kampuni ambayo ninamiliki hisa zake chache, niliona kwamba faida ilikuwa imepanda ilhali fedha taslimu zilizotokana na shughuli zake zilikuwa zimepungua, nikalazimika kutafuta sababu ukurasa kwa ukurasa. Jibu lilikuwa kwenye mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya kampuni: wateja waliouziwa kwa mkopo walikuwa hawajalipa, lakini mauzo hayo yalikwisha kuhesabiwa kuwa mapato, kwa kuwa uhasibu huyatambua mapato bidhaa inapokabidhiwa, si fedha inapopokelewa. Uchakavu wa mitambo, yaani thamani inayopungua kadiri mitambo inavyotumika na kuhesabiwa kuwa gharama, hufanya kinyume chake, kwani hupunguza faida ingawa hakuna fedha inayotoka mwaka huo.

Hapo ndipo nilipoelewa mtaji wa uendeshaji, yaani mali za muda mfupi (zikiwemo fedha ambazo wateja bado wanadaiwa) ukitoa madeni ya muda mfupi, neno ambalo nilikuwa nikilipita kila mara (na nadhani wengi wetu hulipita). Gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wanahisa, kwa kawaida hulipwa kwa fedha taslimu. Kampuni inayotangaza gawio kubwa huku wadaiwa wake wakizidi kuongezeka huenda inakopa ili iwalipe wanahisa, na hilo sasa ndilo ninalolichunguza kwanza, kabla ya kutazama faida kwa kila hisa.