Mtoto haongei, muulize aliyelala naye

Wanafunzi wa utabibu wakija kwetu dispensari kwa mazoezi, wakipewa mtoto tu wanakimbilia "anaumwa nini?", mama akisema homa wanaandika homa, kapime malaria, anayefuata! Jamani taratibu. Mtoto wa miezi 7 hawezi kujieleza kwahiyo mi swali langu la kwanza ni wewe nani yake, na jana usiku alilala na nani? Siku hizi mtoto analetwa na dada wa kazi au bibi, mama yuko kazini, basi napiga simu naweka spika tunaongea wote.

Halafu nachokonoa. Ananyonya kama juzi au anashika ziwa anaachia, hawezi kabisa kunyonya? Anatapika kila anachopewa? Amepata degedege? Amelegea, haamki vizuri? Hizo nne ndo dalili za hatari za IMCI, mwongozo wa kuhudumia watoto wagonjwa wa chini ya miaka mitano, ikiwepo hata moja foleni inasubiri. Kuharisha nako usiishie mara ngapi, kichanga wa maziwa ya mama tu anaweza kupata choo kila akinyonya na ni mzima kabisa, uliza kimebadilikaje na kama nepi ya asubuhi ilikuwa na mkojo.

Kadi ya kliniki naiomba mapema, uzito wa kuzaliwa upo, grafu ipo, chanjo zipo: Penta (ya magonjwa matano) za wiki ya 6, 10 na 14, na surua-rubela ya miezi 18 ambayo wengi wanaisahau wakishapata ya miezi 9. Ila kama alilia palepale alipozaliwa, hiyo muulize mama mwenyewe.

Sasa dawa. Ukiuliza "umempa dawa za kienyeji?" utajibiwa hapana, hapo umeshamtisha. Mi nauliza "nyumbani mmeshamsaidiaje?" Kuna bibi alifungua pindo la khanga akatoa kichupa cha parasetamo ya kaka yake mtoto, anampa huyu mdogo kijiko cha chakula kila akilia, toka juzi!! Kijiko kile ni kama mil 15, sirapu ina mg 120 kwa mil 5, yaani mg 360 kwa mtoto wa kilo 7 anayetakiwa kupata 70 mpaka 105, tena si zaidi ya mara nne kwa siku. Na alikuja analalamikia mafua tu. Nikamwambia shikamoo bibi, asante kwa kuja na kichupa, nikaanza kuandika rufaa.