Siku moja maishani mwangu: mkunga anayeratibu mapitio ya vifo vya wazazi

Saa 1:00 asubuhi. Ninaanzia wodi ya wazazi kabla ya kufika ofisini, kwa sababu ripoti ya zamu ya usiku ninapenda kuisikia kwa walioiandika. Mimi ni afisa muuguzi mkunga katika hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Tanzania, na ninaratibu mapitio ya vifo vitokanavyo na uzazi na vifo vya watoto wachanga. Leo kuna kifo kimoja: mama aliyejifungua saa saba usiku, mtoto akiwa mzima, kisha akatokwa na damu nyingi na kufariki alfajiri.

Saa 2:00. Kifo cha namna hii hutakiwa kutolewa taarifa ndani ya saa 24 na kujadiliwa ndani ya siku 7, kwa hiyo ninajaza fomu ya taarifa, kisha ninalichukua jalada na kulifungia kabatini. Simshuku mtu. Ni kwamba jalada likiachwa mezani baada ya kifo huongezewa maandishi, na patografu, yaani chati ya kufuatilia maendeleo ya leba, iliyojazwa baada ya tukio haituambii tena leba ilikwendaje.

Saa 3:00. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwingine. Ninaweka jalada, daftari la leba, daftari la dawa na daftari la maabara pamoja, kisha ninaandika upya usiku ule dakika kwa dakika. Jalada linasema damu iliombwa saa 8:10 usiku; daftari la maabara linaonyesha sampuli ilipokelewa saa 8:55. Mama anayevuja damu kwa kasi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili, na hapa dakika 45 hazina maelezo popote. Kiasi cha damu iliyopotea kimeandikwa “wastani”, maana yake kilikadiriwa kwa macho. Utafiti uliofanyika Kenya, Naijeria, Afrika Kusini na Tanzania, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2023, ulionyesha kuwa damu ikipimwa kwa mfuko wenye alama za vipimo na matibabu yote yakatolewa kwa pamoja bila kusubiri moja lishindwe, madhara makubwa ya kutokwa damu hupungua kwa asilimia 60. Neno “wastani” linanisikitisha kila ninapolikuta.

Saa 5:00. Muuguzi wa zamu ya usiku anaingia, macho yamemvimba.

“Shikamoo, Sista. Barua ya kujieleza niielekeze kwa nani?”

“Marahaba, mwanangu. Hakuna barua. Kaa, unieleze usiku ulivyokwenda.”

Ananieleza kwamba mhudumu pekee wa zamu alikuwa amempeleka mama mwingine chumba cha upasuaji, na yeye asingeweza kumwacha mgonjwa anayevuja damu ili akimbize sampuli maabara. Jambo hilo halimo katika daftari lolote, wala asingelisema mtu anayeogopa barua. Ndiyo maana ninalishikilia sharti la kutotaja majina wala kuadhibu katika mapitio.

Saa 7:00 mchana. Ninakaa na ndugu wa marehemu waliokuja kuchukua mwili. Ninawapa pole, ninawajibu wanayouliza, na sihoji. Mama mzazi wa marehemu ananionyesha simu yake mwenyewe: binti alimpigia saa 7:40 usiku akisema anasikia baridi na kiu. Hizo ni dalili za kupungukiwa damu, nusu saa kabla ya maombi ya damu kuandikwa. Ninamwomba ruhusa ya kuliingiza hilo katika mapitio. “Andika, mwanangu,” ananiambia.

Saa 8:00. Kamati inajadili kifo cha wiki iliyopita chini ya Mganga Mfawidhi. Pendekezo la kwanza, kama kawaida, ni “watumishi waelimishwe”. Ninalipinga, kwa kuwa halina mtekelezaji wala tarehe; tunaishia kumpa mfamasia kazi ya kupata jokofu la leba kabla ya mwisho wa mwezi, maana oksitosini, dawa ya kuzuia mama asitokwe na damu nyingi baada ya kujifungua, hutakiwa kutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Takwimu za taifa zimeshuka kutoka vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 mwaka 2022, na ninazifurahia kwa dhati. Hata hivyo mama wa leo alihudhuria kliniki, akawahi hospitali, akajifungulia mikononi mwa mkunga. Ucheleweshaji uliobaki ulikuwa ndani ya kuta zetu.

Saa 10:00 jioni. Kamati itakaa kuhusu kifo cha leo wiki hii hii, lakini usiku wa leo pia kuna wanaojifungua. Ninampigia simu msimamizi wa zamu, tunakubaliana kwamba mhudumu wa leba akitoka, mhudumu wa wodi ya upasuaji apigiwe simu mara moja abebe sampuli. Ninaibandika namba yake juu ya simu ya leba, ninaisoma kwa sauti mbele ya wauguzi wanaoingia, kisha ninasaini daftari la makabidhiano.