Saa 90 za Mchezo na Usajili Uliokwisha

Mwaka jana konsoli yangu, yaani mashine ya kuchezea michezo ya video kwenye televisheni, iliacha kuwaka. Fundi aliifungua, akaipima, kisha akanieleza kwamba bodi kuu imeungua na kwamba vilivyokuwemo ndani yake haviwezi kuokolewa. Mashine yenyewe haikuniuma sana, kwa sababu mashine hununuliwa nyingine. Kilichoniuma ni mchezo mmoja mrefu wa masimulizi ambao mimi na mdogo wangu tulikuwa tumeucheza kwa zaidi ya saa 90, tukipokezana padi ya kuchezea, yeye akipigana na mimi nikisoma ramani. Nilipoingia katika akaunti yangu kupitia konsoli nyingine, niliambiwa kwamba nilipie usajili kwanza ndipo nifike kwenye hifadhi ya mtandaoni, mahali ambapo kampuni hutunza nakala ya hatua uliyofikia katika mchezo. Nililipa, nikaikuta nakala yetu, lakini ilikuwa ya miezi minne nyuma, yaani ya siku ambayo usajili wangu ulikwisha na mimi sikuona haja ya kuuendeleza kwa kuwa sikuwa nikicheza na watu mtandaoni. Tangu siku hiyo konsoli haikupakia chochote, na saa zaidi ya 30 za mwisho zikapotea. Kampuni sitaitaja, kwa kuwa utaratibu wa namna hii si wa kampuni moja pekee.

Tangu wakati huo nimesoma masharti mengi ya hifadhi za mtandaoni kuliko nilivyowahi kufikiri ningeyasoma, na nimegundua kwamba swali ambalo wengi huuliza kwanza, la gigabaiti ngapi, ndilo lenye uzito mdogo zaidi.

Sevu, kama wachezaji wengi tunavyoiita faili inayotunza hatua uliyofikia, ni kitu kidogo sana kikilinganishwa na mchezo wenyewe. Haibebi picha, muziki wala mandhari, kwa kuwa hivyo vyote vimo tayari kwenye diski au katika mchezo uliopakuliwa. Inachoandika ni hali ya mambo tu: mhusika amesimama wapi, amebeba nini, milango ipi imefunguliwa, nani amekufa na nani bado yu hai. Kwa michezo mingi taarifa hizo huenea ndani ya megabaiti chache. Faili zinazokua ni za michezo yenye dunia wazi, yaani inayomwacha mchezaji azurure atakako, ambayo hulazimika kukumbuka kila kitu kilichosogezwa, na za michezo ya ujenzi kama Minecraft, ambayo faili ya dunia yake huongezeka kadiri mchezaji anavyofika maeneo mapya. Waliocheza Skyrim kwenye PlayStation 3 mwaka 2011 watakumbuka jinsi sevu ilivyokuwa ikivimba na mchezo ukizidi kuwa mzito, hadi kwa baadhi yao ukawa hauchezeki tena. Hata hivyo, faili hizo zilizolalamikiwa zilikuwa za megabaiti tu, ukubwa ambao leo simu yoyote huupita kwa picha chache.

Zamani ufinyu wa nafasi ulionekana kwa macho. Kadi ya kumbukumbu ya PlayStation ya kwanza ilikuwa na kilobaiti 128 zilizogawanywa katika visehemu 15, na mchezaji aliyejaza visehemu hivyo alikaa mbele ya skrini akichagua mchezo wa kufuta. Kadi ya PlayStation 2 ilifikia megabaiti 8. Ilikuwa nafasi ndogo, nakiri, na kadi ziliweza kupotea au kuharibika. Lakini ulinunua kadi mara moja, ukaitia mfukoni, ukaenda nayo kwa rafiki, na hakuna aliyekuuliza mwishoni mwa mwaka kama bado unastahili kuifungua.

Hifadhi ya mtandaoni ilipofika kwenye PlayStation 3 mnamo Machi 2011, ilitolewa kwa wanachama wanaolipia PlayStation Plus, na kikomo chake kilikuwa megabaiti 150. Desemba ya mwaka huohuo Microsoft nayo ikaileta kwenye konsoli yake ya Xbox 360, megabaiti 512, kwa wanaolipia usajili wa Gold. Kwenye PlayStation 4 kikomo kilikuwa gigabaiti 10, na mwanzoni mwa mwaka 2019 kikapandishwa hadi gigabaiti 100. PlayStation 5 ina gigabaiti zake 100 zilizotengwa na zile za PlayStation 4. Kutoka megabaiti 150 hadi gigabaiti 100 ni ongezeko la zaidi ya mara 600, na sidhani kama kuna mchezaji wa kawaida anayekaribia kuzijaza. Lakini katika miaka yote hiyo sharti la kulipia halikuondolewa, na bei haikubaki ilipokuwa: Septemba 2023, usajili wa miezi 12 wa daraja la chini la PlayStation Plus ulipandishwa huko Marekani kutoka dola 59.99 hadi dola 79.99.

Ni haki kusema kwamba ada hiyo hailipii hifadhi pekee. Inalipia pia ruhusa ya kucheza na wengine mtandaoni na michezo inayotolewa kila mwezi. Hapo ndipo ninapoona kasoro yenyewe, na ningependa kuieleza taratibu. Anayecheza michezo ya ushindani mtandaoni, kwa sehemu kubwa, hana haja ya hifadhi hii, kwa sababu cheo chake, silaha zake na alama zake hukaa kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni, za mchezo wenyewe. Konsoli ikiungua leo, kesho ataingia kwenye konsoli nyingine na kukuta kila kitu mahali pake. Anayeihitaji hifadhi ni yule anayecheza peke yake, au na mdogo wake kwenye kochi moja, kwa kuwa kazi yake yote imo ndani ya sanduku lililo chini ya televisheni. Naye ndiye mwenye sababu chache zaidi za kulipia usajili. Hivyo huduma imefungwa pamoja na bidhaa ambazo mhitaji wake mkubwa hazitaki, na hawezi kuinunua peke yake hata kama yuko tayari kulipa kiasi kidogo kwa ajili yake.

Je, gharama za kuihudumia ndizo zinazolazimisha mpango huo? Gharama zipo, na sizidharau. Faili ya mchezaji haipaswi kukaa kwenye diski moja, bali katika nakala kadhaa kwenye mashine tofauti, ili moja ikifa nyingine ishike nafasi. Data hupita kwenye mtandao kwenda na kurudi. Na wapo watu wanaolipwa kushughulikia malalamiko. Lakini kuna ushahidi unaonitosha kwamba gharama hizo zinabebeka. Xbox One ilipotoka Novemba 2013, Microsoft iliwapa wachezaji wote hifadhi ya sevu mtandaoni bila malipo, ikifanya kazi yenyewe bila mchezaji kubonyeza chochote, na imeendelea hivyo hadi kizazi cha sasa. Kwenye kompyuta, huduma ya Steam imekuwa ikitunza sevu bila ada tangu mwaka 2008, ambapo kila mtengenezaji wa mchezo huweka kikomo kinachoufaa mchezo wake. Kampuni inayotoza ada ya jambo hili imechagua kutoza, na ina haki ya kuchagua hivyo. Sisi nasi tunapaswa kuliona kuwa ni uamuzi wa biashara.

Nintendo ilifuata njia yake. Huduma ya Nintendo Switch Online, ya konsoli yake ya Switch, ilianza Septemba 2018 kwa dola 19.99 kwa mwaka huko Marekani, bei nafuu kuliko za wengine, na hapo kikwazo kikubwa hakikuwa ukubwa wa nafasi bali mchezo wenyewe. Baadhi ya michezo ilinyimwa hifadhi hiyo kabisa, Splatoon 2 ikiwa miongoni mwao. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia udanganyifu: mchezaji angeweza kumpa mwenzake kitu, kisha akarudisha sevu ya jana na kukikuta bado anacho, au kurejesha cheo cha mtandaoni alichokwisha kukipoteza. Hoja hiyo ina maana, lakini nadhani tiba yake ilikuwa kali kuliko ugonjwa, kwa kuwa sehemu inayohusu vyeo na kubadilishana vitu ingeweza kutunzwa kwenye seva, na safari ya mchezaji ya peke yake ikapewa nakala kama kawaida. Animal Crossing: New Horizons ilipotoka Machi 2020, watu walijenga visiwa kwa mamia ya saa bila kuwa na nakala yoyote nje ya konsoli yao, na ilibidi wangoje hadi mwishoni mwa Julai ya mwaka huo ndipo utaratibu wa pekee wa kutunza visiwa ukaletwa. Kuhusu usajili unaokwisha, Nintendo ilieleza kwamba mteja anayerudi ndani ya siku 180 atazikuta sevu zake. Huo ni muda wa heshima. Hata hivyo, ninaona ni vigumu kumweleza mtu kwamba kazi aliyoifanya kwa mikono yake mwenyewe ina siku za kuhesabiwa.

Haya yote yasingekuwa na uzito mkubwa kama mchezaji angeruhusiwa kujiwekea nakala yake. PlayStation 4 iliruhusu kunakili sevu kwenye fleshi, na nilipokuwa nayo nilifanya hivyo kila mwisho wa mwezi bila kumlipa mtu. PlayStation 5 hairuhusu sevu za michezo yake yenyewe kunakiliwa moja moja kwa namna hiyo, ingawa inaziruhusu zile za michezo ya PlayStation 4. Kwenye Switch, sevu hukaa katika hifadhi ya ndani ya konsoli hata kama mchezo wenyewe umewekwa kwenye kadi ya microSD, na ukiihamishia sevu kwenye konsoli nyingine, ile ya mwanzo hufutika, hivyo daima unabaki na nakala moja. Ninapoweka kufungwa kwa njia ya fleshi kando ya ada ya mwaka, siwezi kuviona kama mambo mawili yasiyohusiana. Nakala ya akiba inayopatikana kwa mlango mmoja tu ina bei ambayo mwenye mlango ataipanga.

Hata anayelipa bila kukosa hana budi kuwa macho. Sevu hupakiwa konsoli inapokuwa na mtandao, mara nyingi baada ya mchezo kufungwa au konsoli ikiwa katika hali ya usingizi. Mwenye mazoea ya kuchomoa waya ukutani mara tu anapomaliza anaweza kukaa wiki nzima akiamini ana nakala ambayo haipo. Kisha kuna ile skrini inayotokea pale konsoli na seva zinapokuwa na sevu zisizolingana, ikikutaka uchague moja. Niliwahi kuichagua kwa haraka nikiwa na usingizi, nikaiandika sevu ya zamani juu ya mpya, na hapakuwa na njia ya kurudi. Sasa husoma tarehe na saa za pande zote mbili kabla ya kubonyeza, na kama nina shaka yoyote huahirisha. Ningefurahi kama huduma hizi zingetunza matoleo matatu au manne ya nyuma badala ya moja, hasa pale ambapo gigabaiti 100 zimekaa wazi.

Kwa sasa nimeandika tarehe ya mwisho wa usajili kwenye kalenda, na wiki moja kabla yake hufungua orodha ya sevu na kuhakikisha, mchezo kwa mchezo, kwamba tarehe ya nakala ya mtandaoni ni ile ya mara ya mwisho kucheza. Mchezo unaoruhusu kuhamishwa kwenye fleshi huuhamisha. Kabla ya kununua mchezo mpya hutafuta kwanza kama unakubali hifadhi ya mtandaoni, jambo ambalo kwa kawaida limeandikwa kwenye ukurasa wake dukani, ingawa mara nyingi chini kabisa.

Mimi na mdogo wangu tuliendelea kutoka kwenye ile nakala ya miezi minne nyuma. Yeye alitaka tuanze upya kabisa, akisema kwamba kurudia kipande ambacho tayari tunakijua kunachosha kuliko kurudia chote, lakini nilimwomba avumilie. Tuko kwenye saa ya 71, na ngome iliyotushinda mara tatu safari ile bado iko mbele yetu.