Bisibisi ya fundi, trei za mayai na mambo ya sauti

Ukipeleka gari gereji za mtaani hii utakuwa umeiona, injini inaunguruma, fundi anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini halafu mpini anaubana kwenye kifupa cha mbele ya sikio, anahamisha kidogo, anasikiliza tena, mwisho anakwambia beringi ya altaneta imekufa. Watu wanacheka, wanaona kama uganga flani hivi, ila mimi nakwambia pale kuna fizikia nzuri kuliko maelezo mengi ya sauti yanayozunguka mitandaoni.

Maelezo yenyewe ni yale yale. Sauti ni mtikisiko, kwenye hewa unatembea kama mita 343 kwa sekunde (hiyo ni nyuzi joto 20, kwa jua la Dar la nyuzi 32 inafika kama 350), kwenye maji kama 1,480, kwenye chuma cha pua inakaribia 6,000. Sawa, namba ziko poa. Tatizo ni sababu wanayoitoa, eti chuma ni kizito na chembe zake zimebanana ndo maana sauti inakimbia. Sasa mbona risasi ni nzito kuliko chuma na humo sauti inatembea mita 2,000 na kidogo tu, wakati aluminiamu ambayo sufuria lake unalibeba kwa kidole inafika kama 6,400? Na zebaki je? Nzito mara 13 na zaidi ya maji, lakini spidi ya sauti ndani yake ni ile ile ya maji karibu, tena iko chini kidogo.

Kumbe uzito wenyewe unachelewesha. Kinachoharakisha ni ugumu, yaani kitu ukikibonyeza kinakataa kwa nguvu kiasi gani na kinarudi haraka vipi. Chuma ni kizito ndio, ila ugumu wake umeuacha uzito mbali sana. Hiliamu, ile gesi ya maputo, nayo inabisha kubonyezwa kuizidi hewa kidogo tu, ila kwa vile ni nyepesi mno sauti inapita karibu mita 1,000 kwa sekunde.

Jaribio ninalolipenda ni la Mfaransa Jean-Baptiste Biot, mwaka 1808 huko Paris. Alipata mabomba ya chuma ya maji yameunganishwa mpaka urefu wa mita 951 hivi, upande mmoja likagongwa, upande wa pili zikasikika sauti mbili! Ya kwanza imekuja na chuma chenyewe, ya pili imechelewa sekunde kama 2.5 maana ilipita kwenye hewa ya ndani ya bomba. Pigo moja, masikio yanapokea mawili, na huhitaji mashine yoyote ya maana.

Ila sasa, bisibisi ya fundi haihusu spidi. Urefu ule nani atajali sauti imewahi kwa sehemu ndogo ya sekunde. Inahusu mpaka. Sauti ikitoka kwenye chuma kwenda kwenye hewa karibu yote inagonga mpakani inarudi ilikotoka, kwa sababu vitu hivyo viwili vimeachana mno kwa uzito na ugumu, kwa hiyo kelele ya beringi nyingi inabaki humo humo kwenye injini na kidogo inayotoka inamezwa na feni na mkanda na honi za barabarani. Bisibisi inairuka hewa, chuma mpaka mfupa, basi. Jeli ya baridi wanayompaka mama mjamzito tumboni kabla ya utrasaundi ni kazi hiyo hiyo, kufukuza hewa kati ya kifaa na ngozi, bila hiyo picha hakuna.

Maji na hewa pia hawapatani, asilimia kama 99.9 ya nguvu ya sauti inarudishwa. Ndo maana kwenye pwani yetu zile baruti za wavuvi haramu mzamiaji anazisikia kutoka mbali huku mwenzake aliyebaki kwenye boti yuko kimya hana habari. Na mzamiaji hawezi kukuonyesha zimetokea upande gani, sauti majini ina kasi mara nne hivyo inafika masikio yote mawili karibu kwa pamoja na ubongo unakosa pa kushika.

Nimeandika yote haya kwa sababu ya studio za chumbani, watu wanabandika trei za mayai ukutani wakiamini sauti haitatoka nje. Jamani trei za mayai hazizuii sauti! Zinapunguza mwangwi kidogo kwa sauti nyembamba, basi. Besi ya hezi 50 (mitikisiko 50 kwa sekunde) wimbi lake lina urefu wa mita 7, trei ya sentimita 5 italifanya nini? Kuzuia kunataka uzito, ukuta ukiuzidishia uzito mara mbili unapata punguzo la desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kama 6, na hata hapo besi ndo inapenya kuliko zote. Anza na upenyo chini ya mlango na madirisha ya vioo vya kuteleza, hewa ikipita na sauti inapita. Halafu spika la besi usiliweke sakafuni moja kwa moja, tafuta raba nene chini yake, maana mtikisiko ukishaingia kwenye zege unatembea mpaka kitandani kwa mpangaji wa chumba cha tatu na hapo hata ukibandika trei mia hazimsaidii.