Una Labrador tayari: pointa wa kuwinda naye awe wa mbegu gani?

Mwenye Labrador anayejua kazi ana mbwa wawili katika ngozi moja: anakurupusha ndege, na ndege akishaanguka anamleta. Huzama majanini pua chini, hufuata harufu ya nyayo, ndege huruka mita 20 au 25 mbele yako, unapiga, na punde si punde ndege yuko mkononi bila alama ya jino. Anachokosa ni breki. Mkia ukianza kuzunguka kwa kasi una sekunde mbili tatu za kujiandaa, na kama wakati huo unavuka uzio wa seng'enge, ndege ameshaondoka. Tena hawezi kupekua eneo pana, maana akitoka nje ya masafa ya marisau kila ndege anayemkurupusha ni wa kupotea.

Pointa, yaani mbwa wa mbegu yoyote inayoganda mbele ya ndege, ni kinyume chake. Hutangulia mita 50, 80, wakati mwingine 150, kichwa juu akipokea upepo, na akiinasa harufu anaganda. Mguu mmoja unaweza kubaki hewani, mkia umenyooka, macho hayatoki mahali pamoja. Kazi yake ni kubaki hivyo mpaka ufike.

Kwa anayewinda katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, South Dakota, Minnesota au Wisconsin, na Labrador yuko nyumbani, ushauri wangu wa kwanza ni huu: usinunue mbwa wa pili wa kufanya kazi ya yule wa kwanza. Maji, matete mazito na kuleta ndege tayari zina mwenyewe. Unachotafuta ni pua na breki. Wale mbwa wa Kijerumani wa kazi zote, wanaoganda, kuleta na kuingia majini, ambao kwa mtu wa mbwa mmoja ni chaguo zuri sana, kwako wewe wasiwe wa kwanza kwenye orodha. Kuna hali moja inayobadilisha hesabu hiyo, nitaifikia.

Kabla ya mbwa, mtazame ndege. Fezanti wa South Dakota, ndege wa jamii ya kuku, asili yake ni China. Msimu wa kwanza wa kumwinda huko ulifunguliwa 1919, na leo unaruhusiwa majogoo tu, 3 kwa siku. Jogoo wa fezanti hukimbia kwanza, kuruka baadaye. Aliyewahi kumfuata kanga porini anamjua ndege wa namna hiyo: unafika mahali alipokuwa, yeye yuko mita mia mbele. Pointa akimganda, jogoo anaweza kuteleza chini ya majani huku mbwa bado amesimamia harufu iliyobaki. Grausi, naye wa jamii ya kuku, wa misitu ya Minnesota na Wisconsin ana tabia nyingine. Hukaa kwenye vichaka vya miti michanga ya aspeni, hujibanza, na akisogelewa mno huruka kwa kishindo akijikinga nyuma ya shina la mti. Huyu anahitaji mbwa anayeganda mapema, akiwa bado mbali, na asiyenyemelea hata hatua moja zaidi.

Kwa grausi, na kwa fezanti wa nyasi za wastani, mimi ningeanza na English Setter. Jina lake lenyewe linatokana na kulala chini: zamani mbwa hawa walifunzwa kujilaza mbele ya ndege ili wavu urushwe juu yao. Wa kazini wengi ni wepesi, chini ya kilo 30. Pua yao ni ya upepo hasa, kwa hiyo hawagombanii nyayo zilezile na Labrador. Halafu kuna jambo ambalo vitabu huliandika kama kasoro: seta wengi hawana hamu kubwa ya kuleta. Humtafuta ndege aliyeanguka, humsimamia, basi. Kwa mtu wa mbwa mmoja hiyo ni shida. Kwako ni amani, kwa sababu ugomvi mkubwa wa mbwa wawili shambani hutokea juu ya ndege aliyekufa. Wote wakimkimbilia, kila mmoja huvuta upande wake, ndege anachanika, na Labrador uliyemfunza kushika kwa mdomo laini anajifunza kubana. Udhaifu wa seta ni nywele ndefu zinazokusanya kila aina ya kishona-nguo, na kukomaa taratibu. Usimtarajie awe mbwa kamili kabla ya msimu wake wa tatu. Uliza pia kama watoto walipimwa masikio, maana uziwi wa kuzaliwa upo kwenye mbegu hii.

Brittany ni wa pili, na kwa mwenye gari dogo au nyumba ndogo anaweza kuwa wa kwanza. Ana kilo 14 hadi 18, kimo cha sentimita 44 hadi 52 begani, asili yake Ufaransa. Marekani walimwita Brittany Spaniel hadi 1982, neno la mwisho likaondolewa kwa sababu mbwa huyu anaganda kama pointa. Kwa kawaida hawindi mbali sana, jambo zuri unapotembea kwa miguu na Labrador ubavuni. Lakini tofauti na seta, wengi wao wanapenda kuleta, kwa hiyo nidhamu ya zamu, mmoja akileta mwingine asubiri, utaihitaji zaidi.

Ile hali inayobadilisha hesabu ni umri wa Labrador. Akiwa na miaka mitatu au minne, fuata niliyosema. Akiwa na saba au zaidi, piga hesabu: mtoto unayemchukua leo akiwa na wiki 8 atakuwa wa kutegemewa baada ya miaka miwili mitatu, na wakati huo Labrador ana kumi, viungo vinauma, matete ya Novemba hayawezi tena. Hapo nafasi ya kuleta na kuingia majini itakuwa wazi, na mbwa wa kazi zote anafaa kweli. German Shorthaired Pointer, kilo 20 hadi 32, ana kasi, anajifunza upesi na analeta. Manyoya yake mafupi hukauka haraka lakini hayamkingi vizuri na maji ya barafu. Ukiwinda hadi Desemba kwenye vinamasi, mwenye manyoya magumu ni bora: German Wirehaired, Griffon au Pudelpointer. Vizsla ni mpole na huwinda karibu, ila hana koti la ndani la manyoya, na baridi ya kaskazini humwingia.

Ndani ya mbegu moja tofauti ni kubwa kuliko kati ya mbegu na mbegu. Seta wa ukoo unaoshindanishwa mbele ya waamuzi wanaopanda farasi anaweza kuwinda mita 300 mbele, na kwako huyo ni mateso. Kwa hiyo muulize mfugaji: wewe mwenyewe unawinda kwa miguu au kwa farasi? Wazazi wanaganda umbali gani kutoka kwa ndege? Wakimwona mwenzao ameganda, nao husimama bila kuamriwa? Omba kumwona mama akifanya kazi. Ulizia cheti cha nyonga cha wazazi wote wawili (kile cha OFA, shirika la Marekani linalokagua viungo vya mbwa, hutolewa mbwa akifikisha miezi 24), na kwa Shorthair ulizia kipimo cha kurithi upofu wa mchana. Ukikuta wazazi wana alama za mtihani wa kipaji wa NAVHDA, chama cha Amerika Kaskazini cha mbwa wa kuwinda wa kazi zote, unaofanywa kabla mbwa hajapita miezi 16 na una alama 112 kwa jumla, soma hasa alama za kuganda na za ushirikiano.

Jinsia iwe tofauti ikiwezekana. Mtoto alale kwenye banda lake na afanye mazoezi peke yake. Akiachwa siku nzima na Labrador, atamwona yeye ndiye bosi, na shambani ataandamana na mkia wake badala ya kupekua. Msimu wa kwanza mpeleke mwenyewe, Labrador abaki garini. Mbwa mchanga akikimbiliwa na Labrador kila anapoganda, anajifunza somo moja tu: nikisimama naibiwa. Kuanzia hapo ataingilia ndege mwenyewe ili amuwahi, na kuirudisha breki hiyo ni kazi ya miezi.

Wakati pointa anafunzwa kusimama, Labrador naye ana somo lake. Kata ubao mwembamba umbo la mbwa aliyeganda, ukubwa wa mbwa halisi, uupake rangi za pointa wako. Usimamishe nyuma ya kichaka. Mlete Labrador ubavuni akiwa na kamba ya mita 10, na mara anapoona ubao mpigie filimbi ya kuketi. Mara nne au tano kwa siku zinatosha. Baada ya siku kadhaa ataketi akiuona tu. Ndipo uongeze njiwa kwenye kisanduku cha kurushia: ubao, anaketi, njiwa anaruka, haendi popote. Bunduki iongezwe mwisho. Kama bado anatetemeka na kusogeza makalio mbele, hajawa tayari kwa mbwa wa kweli.

Maneno ya kuwaachia nayo yawe tofauti. Neno moja kwa wote wawili ni kosa linaloharibu miezi ya kazi, maana ukimwita mmoja wote wanachomoka. Njia rahisi ni kumwachia Labrador kwa jina lake, na pointa kwa kumgusa kichwani. Hivyo pointa anajua kwamba sauti yoyote anayoisikia akiwa ameganda haimhusu.

Shambani mpango ni huu. Pointa anatangulia, Labrador yuko mguuni. Vichakani mvishe pointa njuga, kama wawindaji wa Kongo wanavyowavisha basenji wao: njuga ikinyamaza, mbwa ameganda. Kola ya GPS nayo hukuonyesha alipo na kwamba amesimama. Ukimfikia, usimjie kutoka nyuma moja kwa moja, kwa sababu msukumo huo humfanya asogee. Pita kando, uwe sambamba na bega lake, mita 5 hivi pembeni, kisha umwachie Labrador aingie mbele ya pua ya mwenzake. Ndege anaruka, Labrador anaketi, unapiga. Pointa habanduki. Labrador anatumwa kuleta, na ndege akishakuwa mkononi mwako ndipo unamgusa pointa kichwa. Usipige ndege aliye chini: kama huoni anga kati yake na majani, mwache aende, maana Labrador anaweza kuwa amerukia hapo hapo. Wote wawili wavae vizibao vya rangi ya chungwa.

Jogoo akikimbia, utamwona pointa akilegea, anakutazama, anapiga hatua na kusimama tena. Ruhusu ahame mara moja au mbili. Akiendelea hivyo, mrudishe nyuma yako na umpe Labrador nyayo. Kufuata ndege anayetimka ardhini ndiyo kazi yake aliyozaliwa nayo, na hapo utafurahi kwamba hukumbadilisha. Kwenye matete marefu ya kinamasi usilazimishe mpango wowote. Pointa haonekani, ndege hawatulii, na kuganda hakukusaidii kitu. Mfunge kamba au mrudishe garini, mwache Labrador atangulie, nawe kaa ndani ya mita 20 zake.

Siku ya kwanza ya kuwatoa pamoja iwe katika msimu wa pili wa pointa, kwenye nyasi zisizozidi kiuno, upepo ukikujia usoni, bila mwindaji mwingine. Dakika 20 zinatosha. Ukipata mgando mmoja safi, Labrador akaketi na pointa akabaki, warudishe garini hata kama mchana bado ni mrefu. Kabla ya kufunga milango, wapekue katikati ya vidole, ndani ya masikio na kwapani. Mbegu za nyasi zenye miiba kama mishale huingia nyama na hazirudi nyuma, na seta mwenye nywele ndefu huzibeba nyingi zaidi.