Vidole kumi na viwili

Mashine ilifika Jumamosi. Wale mliosoma malalamiko yangu ya Machi kuhusu leth (mashine ya kuchonga chuma) niliyoikosa Kariobangi, tulieni sasa. Leth ile ilikuwa na mota ya fezi tatu, na stima yangu hapa Umoja ni ya fezi moja, ya tokeni, ile mita inayolia usiku wa manane kama kifaranga aliyepotezana na mamake. Hii mpya (mpya kwangu, maana kwa umri imenizidi) haitaki stima kabisa. Ni ya kukunja bati, ya kuvuta kwa mpini, upana wa futi nne, na inakubali bati la hadi geji 16 (geji ni kipimo cha unene, namba ikiwa ndogo bati ni nene). Pesa ni zile za chama, zamu yangu ilipofika. Wanaume wanne waliishusha kutoka kwenye pikap huku wakiitisha soda, na mlango wa gereji ukabaki na mkwaruzo ambao mume wangu, Baba Kui, anajifanya hajauona.

Lakini si hilo lililonikalisha hapa saa hizi. Jumapili, baada ya kanisa, Baba alikuja kuiona.

Baba mnamjua. Masanduku ya bati ya watoto wa bweni, amekuwa akiyapiga Kamukunji tangu sijazaliwa. Mwaka 1985, Rais Moi alipowatembelea, yeye alikuwa pale, na vibanda vilipojengwa akapata nafasi, ndiyo maana hucheka akiitwa jua kali, jina la mafundi wanaofanyia kazi nje juani. “Jua gani? Mimi niko kivulini.” Nimekua nikimwona akilaza bati la pipa lililopasuliwa juu ya kipande cha reli, anakwaruza mstari kwa msumari, kisha nyundo ya mbao, ko, ko, ko, hadi ukingo uiname wote bila rula kuonekana mahali. Masikio yake ameyaacha hukohuko.

Basi nikamwonyesha. Kwamba taya la juu limegawanyika vipande, muuzaji aliviita vidole, na kila kimoja kinafunguliwa. Kwamba ukishakunja kuta mbili za trei unatoa vidole vya pembeni, kuta hizo zipate pa kuingia, ndipo ukunje mbili zilizobaki bila kuziponda za kwanza. Nikaweka kipande cha geji 18, nikabana, nikavuta mpini kupita nyuzi tisini kidogo, maana bati lina ukaidi wake, ukiliachia linarudi. Hakuna kelele. Mtoto wa jirani alikuwa amelala upande wa pili wa ukuta na hakugutuka.

Baba akachukua kile kipande. Akapitisha kidole gumba kwenye kunjo, polepole, mwanzo hadi mwisho. Akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Akakirudisha mezani.

“Mama,” akasema, “hii haina mkono.”

Mimi na ujinga wangu nikashika mpini. “Mkono huu hapa, Baba. Na vidole ni kumi na viwili!”

“Vidole nimeviona.” Akatabasamu kidogo, kisha akauliza kama chai ipo.

Ni hayo tu. Wiki hii dada amejifungua (mvulana, kilo 3.4, wote wazima) na ofisini wametutangazia kwamba tunahamia Mombasa Road, na mimi niko kwenye matatu, Jogoo Road imefunga, ninachowaza ni haina mkono. Haina nini? Ni mashine isiyo na mkono, au ni kile kipande? Au ni mimi?

Jumatatu niliamua kwamba ni sifa. Kunjo lisilo na alama hata moja ya nyundo, fundi wa miaka yake lazima lilimshangaza. Jumanne nikaamua ni tusi. Kamukunji fundi akisifiwa husemwa ana mkono, fulani ana mkono wake, ukiona sanduku unajua ni la nani. Basi kazi isiyo na mkono ni kazi ya nani? Na Kiswahili nacho hakikunisaidia: mkono wa birika ni uchoyo, mkono mrefu ni wizi, mkono mtupu haulambwi. Nilimuuliza Baba Kui akasema, “Si umuulize mwenyewe?” Wanaume hurahisisha mambo.

Jumatano usiku nilianza trei za Mama Bravin, zile za oveni yake ya keki. Alitaka upana wa milimita 300 kamili, kwa sababu reli za oveni hazina huruma. Nikapima kwa rula: ukuta 40, kati 300, ukuta 40, jumla 380. Nikakunja. Ikatoka 302, na kuta 41. Nikapima tena kana kwamba bati lingeona aibu lijirekebishe. Kosa si la mashine. Chuma kikikunjwa hutanuka upande wa nje, na kwa unene huo kila kunjo linakuongezea kama milimita 2, kwa hiyo lazima uzipunguze kabla ya kukata. Ya pili nikakata 376, kati 298, kuta 39. Ikaingia kama droo.

Ile ya kwanza nimeilaza kwenye rafu. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Baba, akishakwaruza mstari wake, hakuwa akikunja juu ya mstari. Alisukuma bati ndani unene wa ukucha, kisha akapiga. Utotoni nilidhani ni macho yake mabovu.

Alhamisi nikampigia.

“Baba, Jumapili ulisema haina mkono. Ulimaanisha nini?”

“Una nini?”

“Mkono!”

“Mkopo?” Kimya. “Umechukua mkopo?”

“Hapana Baba, MKONO.”

“Wa nani? Ni hizi za kwenye simu? Mama, hizo ni mbaya.” Nikamsikia akimwambia Mama huko nyuma kwamba nimechukua mkopo kwa ajili ya mashine, na Mama akisema alijua tu. Nilipiga kelele hadi mtoto wa jirani, yule ambaye mashine haikumwamsha, akaamka akaanza kulia. Simu ikakatika.

Ijumaa saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi, M-Pesa. Shilingi 2,000 kutoka kwa Baba. Muda mfupi baadaye akapiga, hakunipa nafasi ya kusema neno. “Anza na hiyo. Mwisho wa mwezi tutaona.” Akakata.

Nilikuwa nimesimama jikoni na mswaki mdomoni. Nilicheka hadi nikapaliwa na dawa ya meno, kisha sikuwa nacheka tena. Zile pesa hadi sasa ziko kwenye simu. Nikizirudisha itabidi nieleze, na kueleza kwa Baba ni kupiga kelele, na neno lenyewe siwezi kulipigia kelele mara ya pili.

Trei nne zimebaki, nitazimaliza kesho. Kingine, Kui amerudi jana na sweta yenye jina la Ryan kwenye kola na tundu kwenye kiwiko. Yake tulinunua muhula huu, na baridi ya Julai ndiyo hii. Nimeuliza kwenye grupu ya wazazi. Darasani mwao hakuna Ryan.