Nilikwambia

Somo: Matendo ya Mitume 27:9–36

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki iliyopita walikuja nyumbani kwetu mume na mke wa jumuiya hii hii, vijana, ndoa yao haijamaliza hata miaka miwili. Walifika wamenuniana. Soda nimewafungulia, hazinywewi. Mume wangu akauliza kuna nini. Kumbe kuna chombo. Wamevunja kikoba, wana fedha mkononi, wanataka kununua chombo cha tanga cha kuvulia. Mume anataka mashua. Mke anataka ngalawa mbili, ile mitumbwi ya tanga.

Kijana anasema mashua inabeba. Inachukua nyavu za kutosha na mabaharia sita au saba, na siku samaki wakigoma inapakia mizigo ya watu. Hilo ni kweli. Lipo na jingine ambalo hakulisema, ila sisi tunaoishi Bagamoyo tunalijua: mwenye mashua akipita pale wanapokaa wazee wa pwani, anasogezewa nafasi. Mwenye ngalawa anasimama. Binti naye anasema ngalawa moja ikivuja, nyingine itatoka, na jioni sufuria halitalala tupu. Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, kwamba ngalawa haiendi mbali sana, kwa hiyo mume wake atakuwa anarudi mapema.

Mume wangu akanitazama, nami nikamtazama. Tukaangua kicheko mpaka wale vijana wa watu wakaudhika.

Maana sisi tulishapita hapo, miaka kumi na moja iliyopita. Nusu ya fedha ilikuwa ya mume wangu, nusu ilikuwa ya samaki wangu wa kukaanga, shilingi kwa shilingi, moshi machoni. Akasikia kuna mashua inauzwa na mtu wa upande wa Unguja. Tukaenda kuitazama maji yakiwa yamekupwa, imelala ubavu kwenye tope, rangi ya buluu na nyeupe inang'aa kama imetoka dukani. Alikuja na nahodha rafiki yake, na mwenye chombo alikuwapo. Basi wanaume watatu wakaanza kuisifu. Mara mlingoti, mara foromali, mara tanga jipya halijaonja mvua. Hakuna aliyeinama.

Mimi nilikuwa na kikapu changu, na ndani ya kikapu kisu cha kuparia samaki. Karibu na mkuku, ule uti wa chini wa chombo, niliona rangi imekuwa nzito kuliko kwingine, imepakwa mara mbili au tatu mahali pamoja. Nikabonyeza ncha ya kisu. Ikaingia. Haikuingia sana, kama urefu wa ukucha hivi, na nilipoichomoa likatoka tone la maji. Nikasema, "Baba watoto, hapa pamelowa." Yule nahodha akacheka: "Shemeji, chombo kikae majini kisilowe?" Wakacheka wote. Nami nikacheka kidogo, kwa aibu. Tukanunua.

Sasa fungueni Matendo 27. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Rumi chini ya akida, mkuu wa askari, aitwaye Yulio. Wamepanda merikebu ya Aleksandria, wamefika Krete mahali paitwapo Bandari Nzuri. Saumu ya Wayahudi imekwisha pita, maana yake majira mabaya ya bahari yameingia. Paulo anawaonya kwamba safari hii itakuwa na hasara, wala si ya shehena na merikebu tu, hata ya maisha yao. Mstari wa 11 unasema akida akawasikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko yale aliyosema Paulo.

Mimi simlaumu sana akida. Fundi wa mahema anajua nini habari za bahari? Ungekuwa wewe, kati ya nahodha na mshona mahema ungemsikiliza nani? Lakini someni 2 Wakorintho 11:25, barua aliyoiandika kabla ya safari hii: "mara tatu nalivunjikiwa jahazi." Mara tatu! Hakuwa baharia, lakini bahari alikuwa ameinywa. Na mle chomboni nahodha alikuwa na ustadi wake wa kulinda, mwenye merikebu alikuwa na mali yake. Paulo peke yake hakuwa na cha kuuza.

Wake zetu wengi wa pwani wanajua vyombo kwa namna hiyo. Mimi nimetoka baharini mara mbili tu maishani, na mara zote nilitapika. Ila nimesimama ufukweni usiku na taa, nikihesabu matanga yanayorudi, na najua ni chombo cha nani huchelewa na kwa nini. Kwenye kicheni pati hatukosi kusomewa Mithali 31, na kila mhubiri anakimbilia kuamka usiku na kupika. Ni wachache wanaosimama kwenye mstari wa 14, "Afanana na merikebu za biashara", na wa 16, ambapo huyo mama anaangalia shamba, kisha analinunua. Anaangalia kwanza. Akina baba, mkienda kukagua chombo na mke, mwacheni aangalie. Msimpeleke kama mtu wa kubeba maji ya kunywa.

Basi, mbele ya akida ukavuma upepo wa kusi kidogo, wakadhani wamepata walichotaka, wakang'oa nanga. (Kusi ya kwao ni mpole. Yetu ya mwezi wa saba mnaijua.) Mara ikashuka tufani, ikawachukua. Siku nyingi jua halionekani wala nyota. Shehena wakaitupa, vyombo vya merikebu wakavitupa kwa mikono yao wenyewe.

Na sisi kusi ilipoanza, mashua yetu ya buluu ikaanza kunywa. Mabaharia wanafua maji kuliko wanavyovua samaki. Ikapandishwa pwani, fundi akabandua, mbao tatu za chini zimeliwa na wadudu mpaka zimekuwa kama sega la nyuki. Ilikaa juu ya magogo miezi minne. Mabaharia wakahamia chombo kingine, maana mtu hula fungu lake la samaki, hali ahadi.

Hapo ndipo dhambi yangu ilipoanza, na ndiyo hasa nimekuja kuiungama. Nilikuwa na neno moja, nililitumia asubuhi na jioni: nilikwambia. Mume wangu akiuliza chumvi iko wapi, namjibu chumvi ipo kwa wenye ngalawa. Mtoto akirudishwa shule kwa ajili ya mchango, namwambia muulize baba yako, ana mashua. Wageni wakija nasimulia habari za kisu, yeye amekaa hapo hapo. Nilikuwa nasema kweli tupu, kila neno. Akawa anatoka nyumbani alfajiri anarudi tumelala, na hata alipohitaji shauri kuhusu mbao, msumari au fundi, hakuniuliza tena. Atauliza vipi, na kila swali lina jibu moja?

Paulo naye alisema nilikwambia. Lisomeni lipo, mstari wa 21. Anasimama katikati yao, watu hawajala siku nyingi, anawaambia iliwapasa kunisikiliza na kutong'oa nanga huko Krete. Wahubiri wengine hulipita haraka, kama vile mtume hakupaswa kusema hivyo. Mimi nalipenda. Ukweli wa yaliyotokea lazima usemwe, usifukiwe chini ya mkeka. Ila hesabuni amelisema mara ngapi. Mara moja. Mstari wa 22 unaanza na "sasa", naye anawapa moyo, kwa neno aliloletewa na malaika usiku ule: hakuna atakayepotea miongoni mwenu, ila merikebu tu. Hakulirudia tena, hata merikebu ilipopasuka kweli.

Kisha tazameni jambo ambalo nimesoma sura hii miaka mingi bila kuliona. Usiku wa kumi na nne, wana maji wanataka kutoroka, wanashusha mashua baharini wakijifanya wanakwenda kutia nanga za omo. Paulo anamwambia akida na askari: hawa wasipokaa ndani ya merikebu, ninyi hamwezi kuokoka. Askari wakazikata kamba za mashua, wakaiacha ianguke. Hawakubishana wala hawakumwuliza nahodha. Ni akida yule yule wa mstari wa 11! Angekuwa Paulo amemwimbia Krete, Krete, kwa majuma mawili, nadhani usiku ule akida angeziba masikio yake. Na kulipokuwa kukipambazuka Paulo akawasihi wale chakula, akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akaumega, akaanza kula. Watu 276, wote wakachangamka.

Kwetu hakukuwa na malaika wala tufani. Ilikuwa usiku tu, umeme umekatika, nami nimekaanga mihogo. Nilimwekea sahani na sikusema chochote. Akala nusu, akasema, "Mama watoto, niiuze ilivyo au niitengeneze? Sema wewe." Nikafikiri. Mlingoti ulikuwa mzima, mataruma, yaani mbavu zake, yalikuwa mazima, tanga kweli lilikuwa jipya. Nikamwambia tutengeneze, nitauza cherehani. Na niseme na hili, kwa kuwa leo ni siku ya kusema kweli: ngalawa niliyoitaka mimi isingetuvusha. Ile mashua ndiyo iliyosomesha watoto wawili hadi chuo. Kuhusu ubao nilikuwa sahihi. Kuhusu chombo, yeye ndiye aliyeona.

Jumamosi tuliwapeleka wale vijana ufukweni maji yalipokupwa. Ipo mashua inayouzwa, ya kijani, si mbaya kwa macho, na pembeni yake zipo ngalawa mbili za mwembe, moja mirengu yake imefungwa upya. Mwenye mashua akaanza kuisifu. Kijana akafungua mdomo, akaufunga. Mume wangu akatia mkono kwenye kikapu changu bila kuniomba, akatoa kisu, akakifuta kwenye shati, akampa yule binti upande wa mpini.

"Anza wewe, mwanangu," akasema. "Anza na hii ya mumeo."

Binti akavua ndala, akaingia kwenye tope mpaka fundo la mguu. Mumewe akamfuata nyuma, amemshikia pindo la kanga lisilowe.